Afande na Kona ya Pili

Afande hakupenda kupigiwa honi. Ukimpita kimya kimya, kwa adabu, hakuwa na neno. Alisogea pembeni na kuinua kidole kimoja, nawe ukaenda zako. Lakini ukimpigia honi, hasa ukiwa kijana wa pikipiki mwenye haraka na abiria wawili nyuma, ulikuwa umejitafutia. Alikukanyagia baiskeli mpaka kwenye foleni inayofuata, na Kampala foleni haiko mbali, akakukuta umekwama kati ya magari. Hapo alisimamisha gurudumu lake mbele ya lako na kukuuliza kwa upole wa kutisha, "Ile honi ulikuwa unaita nani?" Nimeona vijana wenye vifua vipana wakimwomba radhi mwanamke wa makamo aliyevaa kofia ya plastiki na suruali ya michezo iliyopauka.

Huku Uganda kila askari, mkubwa kwa mdogo, mke kwa mume, huitwa Afande. Yeye alikuwa askari wa trafiki, wale wa sare nyeupe, na alisimama katika makutano ya jiji hili miaka mingi akiwanyoshea watu mikono. Alipostaafu alirudisha sare, lakini jina alibaki nalo. Nami sitaandika jingine hapa, kwa sababu sikuwahi kulitumia.

Tulikuwa majirani katika majumba ya ghorofa kule Bukoto, yeye juu, mimi chini. Nilikuwa nimetoka Kenya kuja kuuza rangi za nyumba sokoni Nakivubo, nikidhani Kiswahili kitanifungulia milango. Wapi! Mzee mmoja niliyemkaribisha dukani kwa Kiswahili changu kizuri aliganda mlangoni, akanitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Baadaye jirani yangu wa duka alinieleza kwamba watu wa umri ule, walioishi miaka ya vita na vizuizi vya barabarani, Kiswahili walikisikia zaidi kinywani mwa mwenye bunduki. Basi nikajifunza Kiganda cha kuuzia rangi, na mengine nikanyamaza. Upweke wa namna hiyo ni mbaya, maana uko kati ya watu na ulimi wako umefungwa.

Jioni moja nikasikia mtu ngazini akiitukana baiskeli kwa Kiswahili. Nilitoka mbio. Nilimkuta ameibeba begani, mnyororo umetoka, usukani umenasa kwenye reli.

"Nikusaidie, mama?"

"Mimi si mama yako. Shika gurudumu."

Nikashika. Tulipofika juu alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, macho yakatua katikati.

"Wewe ni Mukenya."

"Ndiyo."

"Hii tumbo ni ya nini? Unauza rangi ama unakunywa?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuendesha baiskeli nikiwa mtu mzima mwenye duka. Hakuniuliza kama nataka. Alimwambia fundi wake wa baiskeli pale Nakivubo anitafutie moja ya usukani wa kujikunja, na Jumamosi iliyofuata alinigongea mlango kabla jua halijachomoza vizuri. Kazi yangu ilikuwa kufuata.

Lazima nieleze jambo la wanawake na baiskeli, maana mgeni hawezi kulijua. Kwa Waganda wa kale mwanamke hapandi baiskeli kwa kutenganisha miguu. Akibebwa, hukaa upande, magoti pamoja. Kwa Afande, kule Teso mashariki, mambo ni tofauti kabisa. Huko wanawake huenda sokoni na kanisani kwa baiskeli zao wenyewe, mtoto mgongoni na gunia nyuma, na hakuna anayegeuza shingo. Sasa mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa Kiganda wa heshima zake, na kila alipomwona Afande akirusha mguu juu ya tandiko, aligeuza uso ukutani mpaka apite. Hakusema lolote. Aligeuka tu.

Mimi nilisubiri vita. Mtu anayemfukuzia mwenye pikipiki kwa sababu ya honi, huyu mama atamfanya nini? Lakini Afande, akimwona mwenye nyumba uani, alishuka. Aliisukuma baiskeli kwa mkono mpaka mlangoni pake, akainama, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wao, na akazimaliza zile salamu zao ndefu zote, za usiku ulivyokuwa na za walio nyumbani na za shukrani kwa kazi. Kisha aliisukuma mpaka nje ya geti, akapanda, akaondoka kama risasi. Nilimwuliza kwa nini anajishusha hivyo.

"Nani anajishusha? Yule iko kwa nyumba yake. Mimi iko kwa barabara yangu. Kutoka hapa mpaka geti ni nyumba."

Alikuwa na mipaka mingi ya namna hiyo, na aliyeijua yote ni yeye mwenyewe. Alienda kanisani kila Jumapili na kuimba kwa sauti ya kuongoza gwaride, lakini marehemu mumewe alikuwa Mwislamu wa West Nile, na Idi ilipofika alipika pilau ya kulisha ngazi nzima. Ndugu za mume walikuja, wakala, wakamwombea dua, naye akasema amina zao zote. Mwezi wa Ramadhani hakufunga, ila hakuna aliyemwona akila mchana. Alinihubiria ubaya wa mafuta kila kilomita, lakini tukipita kwa yule kijana wa chapati za mayai pale njia panda, miguu yake yenyewe iliacha kukanyaga. Aliwachukia waendesha pikipiki kwa jumla, na aliwapenda mmoja mmoja. Alipougua mmoja wao aliyekaa kwenye kijiwe cha mbele ya geti letu, ni Afande aliyempelekea uji mpaka alipopona, akimgombeza kila siku kwa kutovaa kofia.

Hakusifu mtu. Katika miaka yote ile neno zuri kabisa nililopata kwake lilikuwa, "Leo hujanikera."

Barabarani alikuwa na sheria moja iliyozaa nyingine zote. Mdomo, alisema, ni ya kupumua. Kusema ni kazi ya mikono. Wanaoendesha kwa kufuatana hawaoni mbele kwa sababu ya mgongo wa mwenzao, kwa hiyo wa mbele ndiye macho ya wa nyuma, na yote anayoyaona lazima ayapeleke kwa mkono. Shimo likiwa kushoto, mkono wa kushoto unashuka na kidole kinaonyesha chini. Gari likiwa limeegeshwa, mkono unapita nyuma ya kiuno kumwambia wa nyuma ahame. Kiganja wazi, simama. Alinifundisha kama alivyofundishwa yeye chuoni, kwa kunichapa kwenye kiwiko kilipolegea. Siku za mwanzo nilisahau, nikapiga kelele, "Shimo!" Alinisimamisha pembeni.

"Unapigia nani kelele? Hiyo shimo hapana masikio."

Nikajifunza. Tulienda kimya mpaka Ggaba ziwani na kurudi, kimya mpaka Entebbe, kimya mpaka barabara ya Jinja inapoingia msituni. Mtu angedhani tumegombana. Ukweli ni kwamba sijawahi kuzungumza na mtu yeyote sana kama nilivyozungumza na yule mwanamke kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Kuhusu mumewe alinieleza kidogo kidogo, zaidi tulipokuwa tumeketi tukinywa chai. Alikuwa askari wa jeshi, mtu asiyependa maneno. Miaka ile Karamoja ilipojaa bunduki, na mifugo ikiibwa huku na huku mpakani na Kenya, alipangiwa kituo kule juu ya milima, barabara inakovuka kwenda Turkana. Alikaa huko muda mrefu. Akija likizo alikula, alilala, alitengeneza viti vilivyovunjika, na hakusema kitu kuhusu kazi. Isipokuwa kona ya pili.

"Alikuwa anasema hivi," Afande aliniambia. "Ukipanda ile mulima, juu hapana kuona kitu. Mawe tu. Sasa ukianza kushuka, kona ya kwanza, bado. Kona ya pili, dunia inaisha. Inaanguka. Unaona Turkana yote, nyekundu, mpaka mwisho, mpaka unasema hii ni nini. Yeye, yule mutu hasemi kitu, alikuwa anasema hiyo mara mingi. Alisema kwa lori la jeshi huwezi kuona, iko turubai. Yeye aliona na miguu."

Alimwahidi mkewe kwamba siku bunduki zikiisha watakwenda wote akaone. Bunduki zilikusanywa. Mume alikuwa ameshafariki kwa maradhi, kambini, akiwa hata hajastaafu. Kwa hiyo Afande alikuwa na safari moja moyoni, na mazoezi yetu yote, ingawa sikujua mwanzoni, yalikuwa ya safari hiyo. Alitaka kusimama mahali mumewe aliposimama na kuona alichokiona. Hakutaka jambo jingine lolote maishani, au kama alitaka hakuniambia.

"Na wewe ni Mukenya," alimaliza. "Ni kwenu ndiyo nakwenda kuangalia. Umefika?"

Sikuwa nimefika. Mimi ni mtu wa Nyanza. Turkana nilikuwa nikiisikia redioni.

Habari ya macho yake niliijua Ggaba. Pale forodhani kina mama huanika dagaa wadogo, wanaoitwa mukene, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, na siku ile walikuwa wametandaza mpaka ukingo wa njia. Mimi nilikuwa nyuma. Afande, ambaye angeweza kukwepa kokoto, alipita katikati ya mukene wa watu kana kwamba hakuna kitu. Kina mama walipiga yowe. Alishuka, na badala ya kuomba radhi akawafokea kwa kuanika chakula barabarani, akawasomea na sheria. Halafu alipiga magoti na kusaidia kukusanya dagaa.

Nilimtazama akikusanya. Hakuwatafuta kwa macho. Alipapasa kwa kiganja, akisogea pole pole kutoka kushoto kwenda kulia, na samaki waliokuwa kando ya goti lake aliwaacha mpaka mkono ulipowafikia. Mama mmoja alimsogezea ungo, akausukuma kwa kiwiko bila kujua upo. Nilikumbuka mambo mengine niliyoyapa majina mengine: vikombe vilivyoanguka, ngazi aliyoikosa, na jinsi siku zile alivyoniambia nitangulie, yeye ambaye hakuwahi kumtanguliza mtu.

Binti yake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na aliyekaa naye pale juu, alinithibitishia ngazini. Alikulia kambini, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kuchezea.

"Anko, mama ako na presha ya macho," alisema kwa sauti ya chini. "Zile dawa za matone anasema ni za vumbi. Daktari alisema kando kando kunafungika, anabaki na katikati tu, kama mtu anachungulia kwa bomba. Na hiyo katikati pia itafunga. Hapana mwambia nimekuambia."

"Sasa anaendeshaje?"

"Sindio nakuuliza wewe?"

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Mtu mwenye akili angemwambia Afande aache. Nilifika mpaka mlangoni kwake kumwambia, akanifungulia akiwa ametandaza ramani mezani, amebandika pua juu yake, kidole kwenye Moroto, mji ulio chini ya ile milima. "Mwezi ujao iko kavu," alisema. "Mvua ikianza hatuwezi." Nikaketi nikanywa chai. Nilichokuja kusema nilishuka nacho.

Ila Jumamosi iliyofuata, nilipokuwa mbele, niliona shimo kubwa upande wa kushoto, nikaacha mkono ulipo na kusema kwa sauti ya kawaida, "Shimo, kushoto." Nilingoja kugombezwa. Nilisikia tairi lake likihama kulia, na hakusema neno. Tangu siku ile nikawa nasema. Shimo. Mtaro. Mtu anavuka. Polepole mimi, niliyefundishwa kunyamaza, nikawa naropoka njia nzima kama kondakta.

Tulikwenda Moroto watu watatu, kwa basi, baiskeli juu ya paa, fundi wa Nakivubo akiwa amekuja kutubadilishia matairi membamba ya lami kwa mapana ya mawe. Alifanya kazi yake uani mwa nyumba ya wageni, akautazama mlima, akaweka spana chini.

"Afande, mimi hapana kwenda kwa Watulukana. Mimi nachukua mizigo, naludi Kampala. Bleki nimefunga mzuri. Mungu atawapeleka."

Afande alikagua breki kwa vidole, akamwambia si mbaya. Kwa kuwa tulipanga kuendelea upande wa Kenya na kurudi kupitia Kitale, tuliagana naye hapo.

Sitasahau utulivu wa barabara ile. Mtu wa Kampala hajui kwamba masikio yake huwa yanafanya kazi mpaka yanapopumzishwa. Hapakuwa na gari. Hapakuwa na honi ya kumfukuzia mtu. Palikuwa na vumbi jekundu, migunga mifupi yenye miiba, mawe, na upepo uliokuja vipande vipande. Mchunga mbuzi mmoja alisimama kwa mguu mmoja akatutazama tangu tulipotokea mpaka tulipopotea. Joto lilipanda nasi. Afande alikanyaga taratibu, bila kubadilisha mwendo, na mimi mbele nikisema, "Jiwe. Jiwe. Mchanga."

Hapo nikafanya kosa la mtu wa mjini. Kila mlima niliowahi kupanda Uganda una senta juu yake. Ukifika kileleni, ukihema, unakuta duka lenye soda, mama wa chapati, vijana wa pikipiki na redio. Hata akili haifikirii tena. Miguu inajua kwamba juu kuna soda. Kwa hiyo nilikunywa maji yangu kwa furaha, nikajimwagia mengine kichwani, na kabla hatujafika mbali chupa zote zilikuwa tupu.

"Umebakisha maji?" Afande aliuliza.

"Tutanunua pale juu."

Tulipokaribia juu tulipita kituo kidogo cha askari, bendera moja na mahema mawili. Koplo kijana alikuja kutazama karatasi zetu, na aliposikia huyu ni Afande wa trafiki aliyestaafu, alibana visigino.

"Mume yangu alikaa hapa," Afande alimwambia. Akataja jina. Koplo alifikiri, kwa heshima, akatikisa kichwa. Hakuwa amelisikia.

"Kale," alisema, yaani sawa. "Kona ya pili bado iko?"

Koplo alicheka. "Iko, mama. Kona itaenda wapi?"

Hakukumbuka kumwambia kwamba yeye si mama yake. Nami, kwa aibu ya kiume, sikuomba maji kwa koplo, kwa sababu senta lazima ilikuwa mbele. Tulifika kileleni. Palikuwa na mawe, kichaka, na mbuzi mmoja juu ya jiwe. Niligeuka pande zote.

"Utanunua kwa nani?" Afande aliuliza. "Kwa ile mbuzi?"

Alinipa chupa yake, akanitazama nikinywa, akaichukua kabla sijamaliza. Kweli hapakuonekana kitu, kama mumewe alivyosema. Vilima vilitubana kila upande. Alifunga kamba za kofia upya, akafuta vumbi usoni kwa leso, mashavu kwanza, kisha macho, kwa uangalifu, kama mtu anayejitayarisha kuingia kwa wakwe. Nilitaka kumwambia, Afande, ninajua, tushuke kwa miguu, nikushike mkono.

"Tangulia," alisema. "Na usiende kama mugonjwa."

Nikatangulia. Barabara ilikuwa imechimbwa na mvua za zamani, mifereji ikikata huku na huku, mchanga laini mahali ambapo hukuutazamia, na mawe ya ukubwa wa kichwa. Baiskeli ilichukua kasi yenyewe. Kama ningepunguza mwendo angejua kwa nini, na angeshuka papo hapo, na angemaliza mlima wake kwa miguu akiwa na hasira na mimi. Basi sikupunguza. Nilisema. Shimo kushoto. Jiwe, kaa kulia. Mchanga, usifunge breki. Nilisikia tairi lake nyuma yangu likitii kila neno. Kona ya kwanza tukaipita. Kona ya pili nikaijua kwa ngozi, kwa sababu upepo wa moto ulinipiga ubavuni na mwanga mkali ukafunguka upande wa kushoto.

Nilifikiri kusimama. Niliweka hata vidole kwenye breki. Lakini nikisimama ingenibidi niseme, hii hapa, Afande, naye angelazimika kugeuza uso na kutazama, na ama angeona au angenidanganya mbele ya jambo alilolingojea miaka yote hiyo. Niliogopa kuusikia uongo huo. Na mfereji mkubwa kuliko yote ulikuwa palepale mbele ya gurudumu langu.

"Mfereji, katikati, pita kulia," nilisema, na tukapita.

Chini kabisa, ardhi ilipolala na vichaka vikatufunika tena, alishuka akabaki ameshika tandiko.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Ilikuwa mzuri," alisema.

"Ilikuwa nzuri sana, Afande."

Tulipata lori mpaka Lodwar, na basi mpaka Kitale, na nyumbani. Baada ya hapo hakupanda baiskeli tena. Hakutangaza, hakulalamika. Alimpelekea fundi baiskeli yake aiangike dukani kwake darini, na mtu akitaka kuinunua aambiwe mwenyewe yuko. Mwenye nyumba wetu, aliyezoea kugeukia ukuta kila asubuhi, alinisimamisha siku moja uani kuniuliza kama Afande ni mgonjwa, na nilimwona amesikitika kwelikweli.

Miaka ikaenda. Nilihamishia duka Mukono, nikaoa, nikawa mtu wa kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Juzi juzi binti yake akanipigia. "Anko, mama anauliza kama ulikufa." Nikachukua teksi siku ileile.

Nilimkuta barazani kule juu, kwenye kiti cha plastiki, uso umeelekea barabarani. Amekonda. Macho yapo wazi na hayafanyi kazi tena hata katikati. Binti alisema ni nani amekuja, na Afande akanyosha mkono, akapata si uso wangu bali tumbo, akalipiga kofi mara mbili.

"Imerudi," alisema.

"Imerudi, Afande."

Tulikunywa chai. Aliniuliza bei ya rangi, na kama mke wangu ananivumilia. Chini pikipiki zilipiga honi, naye alikunja uso kila mara. Binti alipoingia ndani kuongeza maji, Afande aliweka kikombe chini, akitafuta meza kwanza kwa kidole.

"Wewe ulijua," alisema.

Sikumwuliza nini.

"Uliacha kutumia mkono. Nilikufundisha mkono mwaka mzima, kisha siku moja unaanza kusema na mdomo kama redio. Nikasema, huyu amejua."

"Mbona hukunigombeza?"

"Nilikuwa nataka kusikia shimo iko wapi."

Tulicheka. Kisha akaizungusha pete yake kidoleni.

"Nataka kuuliza kitu. Ile siku nilikudanganya. Nilisema ilikuwa mzuri. Mimi pale kona ya pili niliona mgongo yako tu. Shati ya bluu na jasho. Niliogopa kugeuza kichwa, nikigeuza nakupoteza. Sasa wewe uniambie. Wewe ulikuwa mbele, uliona vizuri. Iko namna gani? Iko kama alikuwa anasema?"

Nilikuwa na maneno ya mumewe kichwani, yote, nyekundu, mpaka mwisho, dunia inaanguka. Ningeweza kumrudishia kwa ustadi na angeyapokea. Lakini uso ule ulikuwa umenielekea kwa imani ambayo sikuweza kuichezea.

"Afande, sikuona."

"Namna gani hukuona?"

"Nilikuwa natazama mashimo. Sikuinua macho hata mara moja. Kama ningeinua, wewe ungeanguka."

Nilidhani nimemwumiza, nikaanza kusema samahani. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yale, na binti akaja mlangoni kutazama kuna nini.

"Watu wawili," Afande alisema aliporudisha pumzi. "Tumetoka Kampala mpaka pale. Watu wawili wazima, hapana hata moja ameona."

Alijifuta kwa pindo la gauni. Akakaa wima, na alipoongea tena ilikuwa ile sauti ya makutano.

"Baiskeli yangu iko kwa fundi. Aweke mafuta, abadilishe matairi. Mvua bado haijaanza. Utakwenda, halafu utakuja hapa, utaniambia yote. Na safari hii, Mukenya, simama."